Boti ya Mahari Isiyotakiwa Kulowa

Tangu nirudi sijapumzika. Nikienda sokoni, boti. Nikifika mazoezi ya kwaya, hata sijaketi, boti. Juzi mwenzenu mmoja, simtaji, kanifuata mpaka mlango wa choo kuniuliza kama ni kweli Mzee Bulugu alilia. Nimeona niandike yote mara moja msomeane, maana nikisimulia kwa mdomo kila mtu ananikatiza, na mimi nikikatizwa nasahau nilipoishia na hasira zinanipanda.

Kwa wasiojua mwanzo wake: Deo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Upande wa baba yake nimebaki mimi shangazi, kwa hiyo kuoa kwake ni mzigo wangu. Anafanya kazi Nyakato kwenye kiwanda cha minofu, siku nzima anachuna sangara, lakini ni Msukuma wa ng'ombe kama mimi. Sangara anamjua akiwa amelala mezani. Ziwani hajawahi kuingia zaidi ya magoti. Akampenda Nyangeta, binti wa Kijita aliyekuwa akikaa kwa dada yake hapa Pasiansi na kuimba sauti ya pili pamoja nasi. Wazazi wake wanavua samaki ng'ambo, upande wa Buchosa, mbele kabisa ya Sengerema.

Baba yake, Mzee Mafuru, alikataa ng'ombe. Alisema atawachunga wapi, majini? Alitaka boti, tena kwa sharti la ukoo wao: boti ya mahari haiguswi na maji mpaka ifike nyumbani kwa binti, na mama mzazi ndiye anayeimwagia maji ya kwanza. Ikilowa kabla ya hapo, hiyo ni boti ya mtu mwingine.

"Siku hizi kila kitu mtumba," alimwambia mshenga wetu. "Shati mtumba, gari mtumba, hata kitanda. Boti ya kumwolea mwanangu haitakuwa mtumba."

Tayari alikuwa amemrudisha mchumba mmoja aliyejileta kwa boti akipiga kasia. Na ndoa ya Deo ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Mzee aliapa kwamba boti isipofika, au ikifika imelowa, basi Jumapili ya tangazo la tatu atasimama mbele ya padre na waumini wote aseme ana pingamizi. Sasa niambieni, kijana aliyekataliwa na mkwe katikati ya misa ataoa wapi tena? Deo alikuwa hali. Nikimpikia ugali anaufinyanga tu.

Ndiyo maana boti ilienda kwa barabara. Mlionicheka siku ile naondoka mkasema nimechanganyikiwa, sasa mmejua.

PASIANSI MPAKA USAGARA

Pikapu yangu mnaijua, ile ya Japani yenye maandishi mlangoni ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Tela tulichomelewa na fundi wa Nyakato kwa ekseli ya gari lililokufa. Alituachia somo moja: kila mkisimama, shika kitovu cha gurudumu. Mkono ukitulia, endelea. Ukiurudisha mwenyewe bila kuamriwa, beringi inalia njaa ya grisi. Kazi hiyo nikampa Deo, maana vidole ni vyake na mchumba ni wake.

Boti tuliilaza juu ya magunia yaliyojazwa nyasi, tukaifunga kamba, tukaifunika turubai. Ilikuwa ya mbao mpya, inanukia seremala. Katikati yangu na Deo akakaa Mzee Bulugu, mshenga, katekista mstaafu, amevaa koti lake la sufu kwenye jua lile, amepakata kibuyu cha samli ya kumpelekea mama wa binti. Alisema koti halivuliwi safarini kwa sababu mshenga ni balozi.

Kwenda mbele nilikwenda vizuri, nasema bila aibu. Balaa lilikuwa kurudi nyuma. Pale mjini niliingia kituo cha mafuta, nikamaliza, nikaweka rivasi nitoke. Nikakata usukani kulia, tela likaenda kushoto. Nikakata kushoto, likaja kulia mpaka likataka kuonana uso kwa uso na mlango wangu. Watu wakajaa. Kila mwanamume aliyepita akawa mwalimu. "Kata, mama, kata! Hapana, siyo hivyo, kata!" Mwishowe nilizima gari, nikashuka, nikawaambia wote waliokuwa wanaelekeza washike tela walisukume kwa mikono, tuone ualimu wao. Walilisukuma. Tangu hapo nikaamua safari hii ni ya mbele tu, na popote pa kuhitaji rivasi tutazunguka hata kama ni kijiji kizima.

Usagara tulisimama kunywa chai. Kosa. Ile njia panda watu wake hawana haraka, na boti kwenye nchi kavu hawakuwahi kuiona kwa karibu. Mmoja akauliza kama tumeikamata inaiba. Mwingine akaanza kunipigia saluti akiniita Mama Nuhu. Yote hayo niliyavumilia, lakini akaja bibi mmoja mtu mzima, hatanii hata kidogo, akataka kujua redio imesema mvua itakuwa kiasi gani mpaka watu wa mjini wameanza kuhamisha vyombo. Nikamwamkia, nikamwambia hakuna mvua, hii ni mahari. Hakuniamini. Alituacha akienda kuita wanawe waanue mahindi.

Hapo Mzee Bulugu, badala ya kupanda gari, akamfuata yule bibi na kumweleza juu ya upinde wa mvua na agano la Mungu kwamba hatatuma gharika nyingine. Alieleza kwa utulivu kama yuko darasani. Watu wakakaa chini kumsikiliza. Wakamletea mahindi ya kuchoma. Nilipiga honi mpaka nikachoka, mshenga wangu anahubiri huku anatafuna.

KIGONGO, NA JUU YA KIVUKO

Kutoka Usagara tuliacha lami, vumbi likatupokea. Tela liliruka kwenye kila korongo, na mimi moyo unaruka nalo. Deo alikuwa amegeuza shingo nyuma muda wote kuiangalia boti, mpaka shingo ikakataa kurudi.

Kigongo sasa. Mnajua pale magari hupanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi. Wale vijana wa kivuko walipoona boti inataka kuvushwa ziwa, walikaa chini. Nawaambia ukweli, mmoja alikaa chini kabisa kwenye mchanga kwa kucheka. Wakaniuliza kama boti yangu inaogopa maji. Deo akaanza kuwaeleza habari za mahari na sharti la mzee, taratibu, kwa adabu, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Nikamvuta shati nikamwambia anyamaze, nauli hailipwi kwa historia.

Kisha wakasema kivuko siku hiyo kinafunguka upande mmoja tu, kwa hiyo kila gari liingie kwa rivasi.

Nilikaa kwenye usukani nikasali. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Mara ya kwanza tela lilielekea kwenye vibanda vya samaki, wauzaji wakakimbia na masinia yao. Mara ya pili lilienda majini, likashuka mpaka gurudumu moja likalowa, na Deo akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume. Boti ilikuwa imebakiza kama kiganja cha mkono hivi iguse ziwa. Nikazima gari. Tukalifungua tela, na lile jeshi la abiria, wanawake na mizigo yao, makondakta, hata mtawa mmoja, wakalisukuma mpaka ndani. Pikapu ikafuata peke yake kwa rivasi safi kabisa, nikapigiwa makofi ya kejeli.

Tulipofika katikati, wingu likapasuka. Siyo manyunyu; mvua ya ziwani, inayokuja ya pembeni. Upepo ukachukua turubai. Tukaliona linapaa, likatua juu ya maji, likaondoka zake kuelekea kisiwa cha Kome. Boti ya mahari ikabaki wazi inajazwa na mvua kama sufuria.

Hapo ndipo Mzee Bulugu alivua koti. Lile koti ambalo halivuliwi. Aliingia ndani ya boti na kuanza kuikausha nalo, analikamua nje, anapangusa, analikamua, na mvua inamwaga nyingine. Deo alipanda akasaidia kwa shati lake. Mimi nilibaki chini nimeshika kamba, nikalia kwa hasira, sioni haya kusema. Nilimwona marehemu kaka yangu ananiuliza, dada, mtoto wangu umemfanyia nini?

Tulipotia nanga Busisi, tukafanya baraza juu ya tope. Je, mvua ni kulowa? Deo alisema imekwisha, turudi nyumbani. Mzee Bulugu akafikiri akitetemeka kifua wazi, akasema mvua ni maji ya Mungu, na Mzee Mafuru alimaanisha maji ya ziwa. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Mimi ndiye niliyekata shauri. Nikasema boti hii tutaikausha mpaka isahau kama iliwahi kunyeshewa.

SENGEREMA, SIKU NZIMA YA KUANIKA

Tulilala kwa binamu yangu Sengerema, mke wa mwalimu. Asubuhi ya Ijumaa jua likatoka kali, nikashukuru. Tukaishusha boti uani, tukaigeuza tumbo juu. Mchana tukaigeuza tumbo chini. Sisi watu wa ng'ombe na pamba tunajua kuanika; hakuna mtu wa kutufundisha kuanika. Nilihakikisha hakuna pembe iliyokosa jua. Mzee Bulugu akaona bado ndani kuna ubaridi, akaomba majiko mawili ya mkaa, tukayaweka chini ya mbao kwa mbali, mmoja wetu akiwa na zamu ya kulinda isiungue. Binamu yangu aliuliza mara moja tu kama tunaichoma au tunaipika, kisha akaacha kuuliza.

Jioni mbao zikaanza kulia, ta, ta, ta. Mzee Bulugu akafurahi sana. Alisema ni maji ya mwisho yanatoka. Nami nikaipiga boti kwa kidole, ikaitika kama ngoma, kavu kabisa. Nilimwambia Deo ale sasa, kila kitu kimekaa sawa, na kweli usiku ule alikula.

KUTOKA SENGEREMA KWENDA ZIWANI

Jumamosi tuliondoka mapema. Barabara ya huko, wenzangu, siyo barabara, ni kumbukumbu ya barabara. Tulikuwa hatujaenda mbali Deo aliposhika kitovu cha gurudumu la kushoto, akaruka, akaweka vidole mdomoni. Kilikuwa kinatoa moshi.

Grisi hatukuwa nayo. Tulipita duka baada ya duka. Kuna sabuni, kuna betri za redio, kuna kanga za Dubai zinaning'inia mpaka barabarani, soko huria limefika mpaka kule, lakini grisi hakuna. Basi macho yangu yakaenda kwenye kibuyu. Mzee Bulugu akakikumbatia. Alisema samli ya mkwe haiguswi. Nikamwuliza, mkwe anataka samli au anataka boti? Akakiachia taratibu sana, kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa yaya asiyemwamini.

Tulipiga jeki, tukafungua gurudumu, tukajaza beringi samli ya Kisukuma iliyochachuka vizuri. Nawaambia ilifanya kazi. Ila ikipata moto ilinukia. Ikanukia mno. Kila kijiji tulichopita mbwa walitoka wakatufuata, na siyo kwa kubweka, kwa heshima, wamenyoosha pua kwenye gurudumu. Mahali fulani tuliposimama tuipoze, akina mama watatu walikuja na visahani wakauliza vitumbua bei gani. Nilipowaambia ni gari linanukia hivyo, mmoja alinikasirikia, akasema kama nimewauzia wengine niseme tu.

Tulikwenda hivyo, tunasimama, tunapaka, tunafukuza mbwa. Mpaka tulipoona maji kwa mbele yanang'aa, kibuyu kilikuwa kitupu.

NYUMBANI KWA MZEE MAFURU

Walikuwa wanatusubiri. Ukoo mzima umekaa kwenye viti na mikeka, na majirani wamesimama. Nyangeta hakuonekana, ndivyo ilivyo, ila dirisha moja lilikuwa na pazia lisilotulia. Tukaamkia, tukakaribishwa maji ya kunawa, Mzee Bulugu akavaa koti lake lililokunjamana likawa fupi, akasema maneno ya ushenga. Hakuna aliyesikiliza. Wote walikuwa wanaangalia boti.

Mzee Mafuru akainuka. Mtu mrefu, mkavu, haongei sana. Kwetu mkwe hukagua ng'ombe: meno, kwato, mgongo. Huyu aliinama chini ya tela akapitisha kiganja kwenye kila ubao. Akanusa. Akanusa tena, akakunja uso, nikajua ni samli. Kisha akasimama mbele ya mshenga wetu.

"Imelowa?"

Nilimkanyaga Mzee Bulugu mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino. Lakini mtu aliyefundisha watoto amri kumi miaka yote hiyo utamfanya nini?

"Ilinyeshewa, mzee mwenzangu," akasema. "Kivukoni. Tukaikausha. Ziwa haijaligusa, hilo naapa."

Lile pazia la dirishani likatulia. Nilimtazama Deo, uso wake ulikuwa umeshaanza kurudi Mwanza peke yake.

Mzee Mafuru akafikiri, akasema, "Haya. Tuishushe. Itasema yenyewe."

Vijana wao wakaibeba mpaka ufukweni. Mama mzazi akaja na kata ya maji, akaimwagia kichwani, vigelegele vikapigwa, vichache, vya wasiwasi. Deo akaambiwa apande, maana ndiye mwenye mahari. Akapanda, akakaa katikati akishika pande zote mbili kwa mikono. Wakaisukuma.

Jamani, maji hayakusubiri hata asalimie. Yaliingia kila mahali kwa pamoja, kwenye kila unganisho la mbao, yanabubujika kama yameitwa. Boti tuliyoianika siku nzima, tuliyoiwekea majiko, ilikuwa chekecheke. Deo akaanza kukomba kwa viganja. Maji yakafika kiunoni mwake amekaa vilevile. Majirani wakashika vinywa. Mzee Bulugu akapiga magoti kwenye mchanga, machozi yanamtoka waziwazi, na hilo ndilo jibu la yule aliyenifuata chooni. Mimi nikasimama nikiwaza nitaanzaje kumfungasha mtoto wa kaka yangu, kwa aibu ile, na misa ni kesho asubuhi.

Ndipo nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Mzee Mafuru alikuwa anacheka. Mwanzo polepole, kisha akashika mbavu.

"Mliianika?" aliniuliza. "Mama, mliianika juani?"

Nikasema ndiyo, siku nzima, na majiko pia. Akawatafsiria ndugu zake kwa Kijita, na ufukwe wote ukaangua kicheko, mpaka wale wabebaji wakakaa majini.

Alipoweza kusema, aliinua mkono watu wakanyamaza. Alisema boti ya watu wa ziwani haianikwi; mbao zikikauka zinaachana. Alisema boti iliyokwisha kufanya kazi mbao zake zimeshakunywa, zimeshiba, huwezi kuikausha siku moja ikavuja namna hii. "Hii ina kiu ya tangu kuzaliwa," alisema. "Haijawahi kunywa popote. Ni mpya. Hakuna mtu anayeweza kunidanganya kwa kuizamisha boti yake mwenyewe mbele yangu." Kisha akamwita Deo, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mkwe wangu, usiyatoe maji. Yaache. Izame kabisa ilale humo mpaka kesho, mbao zivimbe zishikane. Kesho tukitoka kanisani tutaitoa, haitavuja tena."

Neno lile mkwe. Nililisikia mpaka miguuni.

Sasa vigelegele vikapigwa vya kweli. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mahari inazama na watu wanashangilia. Ila boti ilikuwa mbishi. Ilijaa, ikabaki inaelea pembe moja juu, mbao ni mbao. Walitakiwa watu wa kuikalia. Na kabla hakujasemwa nani, mlango ulifunguliwa, Nyangeta akateremka mbio na kanga yake, akapita mbele ya wazee wote bila kuita hodi kwa mtu, akaingia ziwani mpaka kifuani.

Mama yake alitaka kumzuia. Baba akamshika mkono.

Deo alikuwa amesimama ndani ya boti, amelowa, hajui acheke au aombe radhi. Nyangeta akapanda, akaketi upande wa pili, akampigia ubao wa karibu yake.

"Kaa, Deo," akasema. "Peke yangu haitazama."

Akakaa.